Tapestri ya kompyuta ni tapestri kweli? Geuza kwanza uone nyuma

Swali limetoka kwa kijana wa Tanga anayefanya kazi za grafiki Dar, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Marehemu bibi alikuwa na ile nguo ya ukutani yenye picha ya Kaaba, mjomba aliileta kutoka Maskati zamani, sasa iko kwangu. Nimepata hamu ya kutengeneza ya kwangu, picha ya bibi akisuka ukili barazani, dizaini nishaichora kwenye kompyuta. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitume faili kiwandani nje ya nchi wanifumie, mwingine anasema hiyo haitakuwa tapestri, tapestri ni ya mkono tu, zingine zote feki. Nani mkweli? Na nikitaka kufuma mwenyewe naanzia wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na Mungu amrehemu bibi.

Kabla sijasema nani mkweli, nenda kaishushe hiyo nguo ukutani uigeuze uangalie nyuma. Ukikuta nyuma pamepauka, hamna picha au kuna kivuli tu cha picha, basi hiyo imepigwa chapa, rangi imemwagwa juu ya kitambaa ambacho tayari kilikuwa kitambaa. Ukikuta nyuma kuna picha ila rangi zimegeuka, palipo peupe mbele nyuma ni peusi, au kuna nyuzi ndefu zinakimbia kimya kimya kutoka upande mmoja hadi mwingine zikisubiri zamu yao, hiyo ni ya mashine ya kufuma iitwayo Jacquard, nitaieleza mbele. Ukikuta nyuma picha ni ileile ya mbele ila imegeuka kama kwenye kioo, na vimikia vya nyuzi vinaning'inia, hapo umeshika tapestri ya mkono na usinipigie simu mimi, ificheni. Ila nakwambia mapema, nyingi zilizoletwa na wajomba zetu, za Kaaba, za swala wanaokunywa maji, za tausi, zilikuwa za mashine. Hata ya kwetu ilikuwa ya mashine, na mama aliipenda kuliko makochi.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Nitumie vitu vya nyumbani maana ndo njia fupi. Kanga ina picha na jina, lakini picha imepigwa juu ya nguo, ukiitoa nguo inabaki. Kofia ya viua, mtu kachukua kitambaa kilichokwisha kuwepo akatoboa na kushona nakshi kwa sindano, hiyo ni tarizi. Mkeka je? Mkeka huwezi kuondoa ua ukabaki na mkeka. Miaa iliyotiwa rangi ndo hiyohiyo inayoshika mkeka usifumuke, ukiichomoa unabaki na majani. Tapestri iko upande wa mkeka. Picha haiko juu ya nguo, picha ndo nguo. Kwa hiyo bibi yako alikuwa karibu zaidi na hii sanaa akiwa barazani kuliko ile nguo iliyokuwa ukutani kwake. Na kwa kipimo hichohicho, ile kazi maarufu ya Bayeux kule Ufaransa, ya mita 70 hivi inayosimulia vita vya mwaka 1066, ambayo dunia nzima inaiita tapestri, sio tapestri, ni tarizi ya sufu juu ya kitani. Jina limeshakaa, hakuna wa kuliondoa.

Lugha yetu ina maneno mazuri hapa na watu wanayasahau. Nyuzi zinazotangulia kutandikwa na kukazwa kwenye kitanda cha mfumi zinaitwa mtande. Uzi unaopita katikati yake ukienda na kurudi ni mshindio, na ukilisikia vizuri hilo neno liko jirani kabisa na kushindilia, ambayo ndo kazi yenyewe. Kwenye nguo ya kawaida, kikoi kwa mfano, mshindio unatoka ukingo huu unafika ukingo ule unarudi, bila kujali nini. Kwenye tapestri uzi wa bluu unakwenda mpaka pale bluu inapoishia, unageuka unarudi nyumbani kwake. Nyekundu na yenyewe ina eneo lake. Kila rangi ina kijiti chake, unaweza kuwa na vijiti 30 vinaning'inia mbele yako kwa wakati mmoja kama popo. Afu unashindilia kwa nguvu mpaka mtande usionekane kabisa, unabaki unahisiwa kwa vidole tu kama mbavu za samaki chini ya ngozi.

Hapo ndipo shida yote na uzuri wote unapozaliwa. Fikiria bluu na nyekundu zinakutana kwenye mstari wa kusimama. Bluu inageukia uzi wa mtande namba 40, nyekundu inageukia namba 41, kila moja inarudi kwake, hakuna kinachowaunganisha, unabaki na mpasuko kama mfuko wa kanzu. Mpasuko mfupi hauna neno, mrefu unaachama. Mafundi wana njia tatu: uushone baadaye kwa sindano, au zile rangi mbili uzishikanishe kila zinapokutana, au mstari usisimame wima, usogee hatua hatua, namba 40, 41, 42, ukawa mshazari. Ndo maana vitambaa vya zamani vimejaa mishazari na ngazi ngazi, watu wanadhani ni mapambo tu, kumbe nusu yake ni mtu anakwepa mpasuko.

Na kuna njia nyingine ya ujanja ambayo mwanafunzi wangu yeyote nikimwambia anakataa kwanza: mafundi wakubwa wa Ulaya walifuma picha zikiwa zimelala ubavu. Mtu kasimama kwenye picha, kwenye kitanda cha kufumia yeye kalala. Wakimaliza wanaigeuza wanaitundika. Kwa hiyo miguu, miti na nguzo, vitu vyote vinavyosimama, wakati wa kufuma vilikuwa vimelala na mshindio unavipenda, na juu ya hapo picha inaweza kuwa ndefu kupita upana wa kitanda. Gharama yake ni kwamba ikitundikwa uzito wote unaning'inia kwenye mshindio badala ya mtande ule imara, na baada ya karne mbili tatu mipasuko inafunguka, ndo kazi inayowalisha mafundi wa kukarabati hadi leo.

Ukongwe wake sitakaa sana, ukitafuta utaupata. Misri kaburi la Farao Thutmose wa Nne lilikutwa na vipande vya kitani vilivyofumwa hivi, vina miaka kama 3,400. Wakopti, Wakristo wa Misri, walivaa kanzu zenye duara na mikanda ya tapestri, mchanga mkavu ukazitunza. Wachina walifanya kwa hariri, wanaiita kesi. Wainka kule Peru walikuwa na nguo iitwayo qompi, laini kiasi kwamba ilikuwa zawadi ya kifalme. Wainka hawakufundishwa na hao wengine. Mtu akiwa na nyuzi zilizotandikwa na rangi mbili mkononi, mapema au baadaye anaigundua.

Mi stori inayonihusu na inayokuhusu wewe mwenye faili kwenye kompyuta ni nyingine, nayo ni hii: nani anaamua? Maana tapestri kubwa ina watu wawili, anayechora na anayefuma, na wamegombana miaka 500.

Mwanzoni fundi alikuwa na sauti. Kuna kazi moja iko kwenye ngome ya mji wa Angers, Ufaransa, picha za kitabu cha Ufunuo, ilifumwa kuanzia miaka ya 1370 kwa ajili ya mtawala wa Anjou, Louis wa Kwanza. Ilikuwa na urefu wa mita 140 hivi, iliyobaki leo ni kama mita 100. Iliyopotea, baada ya mapinduzi ya Ufaransa watu waliikatakata, vipande vingine vikafunikia michungwa isipigwe na baridi, vingine vikaingia kwenye mazizi ya farasi. Iliyobaki ina rangi chache tu, na kivuli cha nguo ya malaika hakijachorwa kwa kuchanganya rangi, fundi kaingiza rangi iliyokolea ndani ya nyepesi kama meno ya chanuo, jino refu, jino fupi, ukikaa mbali jicho linachanganya lenyewe. Mbinu hiyo imetoka kwa mfumaji, mchoraji mwenye brashi haihitaji. Na nyuma ya ile kazi ni nadhifu karibu sawa na mbele, vimikia vya nyuzi vimefichwa. Bitana iliyofunika nyuma ilipotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, rangi za upande ule zilikuwa bado kali wakati mbele pamefifia kwa mwanga.

Afu akaja Rafaeli, mchoraji wa Italia. Papa Leo wa Kumi alimuagiza achore michoro ya tapestri za Kanisa la Sistine, mwaka 1515 hivi, michoro ikapelekwa Brussels kwenye karakana ya Pieter van Aelst. Kule walikuwa wanafuma wakiwa upande wa nyuma, kwa hiyo picha inatoka imegeuka, na Rafaeli ilibidi achore kila kitu kinyume, mkono wa kulia wa mtu uwe wa kushoto. Michoro yenyewe walikata vipande virefu wakaitandika chini ya nyuzi. Saba imebaki, iko London kwenye makumbusho ya V&A. Matokeo yalikuwa ya ajabu, watu walistaajabu, na mi nikiziona nastaajabu pia, ila ndo siku fundi alipoanza kugeuzwa mashine ya kunakili. Anga, kina, ukungu wa mbali, vitu ambavyo rangi ya maji inavifanya kwa dakika, fundi alitakiwa avifanye kwa uzi.

Paris ikamalizia kazi. Mwaka 1662 waziri Colbert aliinunua karakana ya Gobelins kwa ajili ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Karne iliyofuata mchoraji Oudry akiwa msimamizi aliwabana mafundi wafuate rangi ya mchoro kama ilivyo, mafundi wakabisha sana, wakasema rangi za uzi zina tabia zake, hawakusikilizwa. Kila tofauti ndogo ya rangi ikahitaji uzi wake, karne ya 19 duara la rangi la Gobelins likafika vivuli 14,400. Fikiria hilo kabati! Rangi nyingi laini kiasi hicho zinafifia kwa haraka tofauti tofauti, kwa hiyo baada ya miaka 80 uso wa malkia unabaki na mabaka.

Aliyetengeneza duara hilo ni mkemia, Chevreul, alipewa idara ya rangi pale Gobelins mwaka 1824, na kisa chake ndo napenda kuwasimulia watu wa grafiki. Mafundi walilalamika nyeusi ya siku hizi mbovu, imepauka, haina nguvu ikiwa kwenye kivuli cha bluu. Chevreul akapima uzi, uzi mzima. Kumbe tatizo halikuwa kwenye rangi, lilikuwa kwenye jirani yake. Nyeusi ikikaa na bluu kali jicho linaiona vingine. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hilo, wachoraji wakakichukua, na leo wewe ukiweka herufi za kijivu juu ya kijani ukaona zimegeuka pinki kidogo, ni jambo lilelile. Lilianzia kwa wafumaji waliokuwa wanalalamika.

Aliyerudisha fundi kwenye kiti ni Mfaransa Jean Lurçat. Aliiona ile kazi ya Angers mwishoni mwa miaka ya 1930, ikamvuruga, akahamia Aubusson ambako vijiji vimefuma karne nyingi, akaacha kabisa kupeleka michoro ya rangi. Alichora mistari tu na ndani ya kila eneo akaandika namba, namba ni uzi fulani, rangi chache zinazojulikana. Fundi anasoma namba kama mpishi anavyosoma viungo. Kazi yake kubwa, Le Chant du Monde, vipande kumi karibu mita 80, aliianza 1957 akafariki 1966 akiwa bado nayo, iko hukohuko Angers. Mi binafsi sio shabiki wake sana, jogoo wamezidi. Lakini zile namba zake ni kitu cha kuzingatia, maana kuchora kwa namba za rangi chache ndo kitu cha kwanza utakachoulizwa na kiwanda chochote cha leo.

Na Afrika? Ramses Wissa Wassef, msanifu majengo wa Misri, alipata ardhi Harrania karibu na Giza mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawapa watoto wa kijijini vitanda vya kufumia na sheria tatu: hakuna mchoro wa kufuata, hakuna kunakili kazi za wengine, hakuna mtu mzima wa kukosoa. Mtoto anaanza chini anapanda, mtende unaota kwenye nyuzi jinsi anavyoufikiria siku hiyo. Rangi za mimea walizipanda bustanini wenyewe. Wale watoto wakawa wazee wakiwa bado wanafuma, na kazi zao zimezunguka makumbusho. Hapo ugomvi wa mchoraji na fundi umeisha kwa sababu ni mtu mmoja. Senegal walienda njia nyingine, Rais Senghor alianzisha karakana ya taifa mjini Thiès mwaka 1966 chini ya mchoraji Papa Ibra Tall, wachoraji wa nchi wanatoa michoro, mafundi wanafuma. Na Afrika Kusini William Kentridge anakata karatasi na kuzibandika juu ya ramani, afu karakana ya Marguerite Stephens nje ya Johannesburg inafuma kwa mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na ukiangalia karibu unaona mipaka ya karatasi zilizochanwa, lakini kwa uzi, yaani mtu kafuma mchano.

Haya, tufike kwenye kompyuta.

Rafiki yako wa pili, yule wa "mkono tu", kiufundi ana hoja. Mashine ya Jacquard, yenye jina la aliyeibuni, iliyotoka Lyon mwaka 1804, haifumi kwa njia niliyoeleza. Mshindio wake unakwenda ukingo hadi ukingo, ila kila uzi wa mtande unaweza kuinuliwa peke yake kufuata kadi zenye matundu, tundu lipo inua, halipo acha. Kwa hiyo rangi inazama na kuibuka. Picha bado ndo nguo, sio chapa, hilo naomba ulishike, lakini muundo wake sio wa tapestri. Stori ya kwamba zile kadi ndo bibi wa kompyuta utaisikia kila mahali na ni kweli, Babbage, Muingereza aliyebuni mashine ya hesabu kabla ya kompyuta, alichukua wazo la kadi kutoka huko, tena alikuwa na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri kwa kadi 24,000 hivi na wageni wake walidhani imechapwa. Leo kadi zimekufa, faili linaingia moja kwa moja.

Ila kusema ni feki, hapana, hapo simuungi mkono. Muingereza Grayson Perry mwaka 2009 alitoa tapestri ya mita 15 kwa 3 kuhusu maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kufa katikati ya majina ya bidhaa, akaifuma kwenye mashine ya kompyuta Ubelgiji, mwaka 2012 akatoa nyingine sita kuhusu matabaka ya Waingereza na ladha zao. Anajua kabisa kwamba tapestri ilikuwa nguo ya kujigamba ya matajiri, ndo maana kaichagua kuchekea matajiri. Mashine imefuma, mawazo hayajafumwa na mashine. Marekani, marehemu Chuck Close naye alifuma nyuso za watu hivyohivyo kutoka kwenye picha za kamera za kizamani, na ule weusi wa uzi una kina ambacho karatasi haina.

Kinachoua kazi ni kudhani faili ndo kazi. Mi nimeumia hapo, nikwambie. Miaka kadhaa nyuma nilituma dizaini kwenye kiwanda kimoja nje, bahari ya kijani, mawimbi, kwenye skrini ilikuwa inang'aa. Wakaniambia subiri tukufumie kipande cha sampuli kwanza, mi nina haraka, maonyesho yamekaribia, nikasema fumeni tu. Ilipofika nikaitandaza sebuleni: ukiinama karibu unaona nyuzi za bluu na za njano nzuri kabisa, ukirudi nyuma hatua nne bahari yote ni kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Sababu ni kwamba skrini inachanganya mwanga, uzi unachanganyikia jichoni mwako, na mashine ina rangi chache tu za nyuzi, kijani chako inakijenga kwa kuzipanga punje kwa punje. Chevreul angenicheka. Kwa hiyo ukituma faili, sampuli ya sentimita 30 ni lazima, ilipie, itundike, iangalie asubuhi na usiku, ukiwa mbali. Na sehemu utakayochagua kwa sampuli iwe uso na mkono, usichague ukuta.

Kuna kisa kingine cha New York kinachonifurahisha kila nikikumbuka. Jumba la makumbusho la Met lina tapestri saba za mnyama wa pembe moja, zilifumwa karibu mwaka 1500, rangi zake karibu zote zimetoka kwenye mimea mitatu tu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa njano, mmoja wa bluu. Mwaka 1998 wakazishusha wakazisafisha, bitana ikatolewa, nyuma rangi bado kali ajabu, wakazilaza wakazipiga picha kipande kipande kwa kamera ya dijitali ili waje kuviunganisha kwenye kompyuta. CD zaidi ya 200. Vipande vikakataa kuungana, uzi wa kipande hiki haukutani na uzi wa kipande cha pembeni. Miaka michache baadaye kazi wakapewa ndugu wawili wanahisabati, David na Gregory Chudnovsky, wenye kompyuta yao kubwa waliyoijenga wenyewe. Miezi wanahangaika. Kumbe kamera haikuwa na kosa, nguo ilikuwa imejisogeza. Imening'inia miaka na miaka, sasa imelazwa, imelowa, imekauka, inajinyoosha kama mtu aliyetoka safari ya basi la usiku, na kila picha ilipopigwa ilikuwa imeshabadilika kidogo. Ikabidi wapige hesabu ya kila nukta ilihama wapi. Kwa hiyo mtu akikwambia uzi ni pikseli tu, msimulie hiyo.

Sasa ya kwako. Ushauri wangu: usitume faili kwanza. Fuma mwenyewe kipande kidogo, halafu ndo utajua faili lako linataka nini.

Fremu mwambie fundi seremala akutengenezee, ndani iwe upana wa sentimita 60 kwa urefu 80, mbao nene isiyopinda, juu na chini misumari midogo kila sentimita moja. Zungusha uzi wa mtande kwenye misumari kwenda na kurudi, unapata uzi mmoja kila nusu sentimita. Mtande uwe wa pamba uliosokotwa kwa nguvu, usitumie nailoni, nailoni inavutika, leo imekaza kesho imelegea. Ukiugonga kwa kidole ulie kama uzi wa zeze. Mshindio, uzi wa sweta unatosha kuanzia, wa sufu ukiupata bora zaidi. Kushindilia tumia uma wa jikoni, sitanii, mi nimetumia uma miaka miwili kabla sijapata chanuo la kazi.

Sasa piga hesabu kama mtu wa grafiki. Sentimita 60, uzi kila nusu sentimita, una nyuzi 120. Yaani upana wa picha yako yote ni nukta 120, alama ndogo ya programu kwenye simu yako inaweza kuizidi. Tena nukta zenyewe sio za mraba. Kulalia ni nusu sentimita, kwenda juu ni mipito miwili ya mshindio, pengine milimita mbili tatu. Nukta imelala chali. Kwa hiyo ukitumia programu ya kukata picha kuwa miraba utapata uongo. Mstari wa kulala utatoka mwembamba safi, wa kusimama utatoka ngazi. Na uso wa bibi ukiwa sentimita 15 una nyuzi 30, jicho ni nyuzi mbili. Hapo hamna tabasamu, kuna kinyago.

Ndo maana nakwambia uache uso. Chukua mikono tu. Mikono miwili na ukili unaotoka katikati yake, ujaze fremu nzima. Ukili wenyewe ni mishazari mitupu, na mshazari ndo kitu ambacho tapestri inakipenda kuliko vyote, hauna mpasuko, unapanda hatua hatua wenyewe. Rangi tano, sita ukizidisha. Vivuli vya vidole fanya kwa meno ya chanuo kama wale wa Angers. Mchoro uchape ukubwa halisi, ufunge nyuma ya mtande, upigie alama kwenye nyuzi kwa kalamu isiyochuja na maji. Ukishaona mkono wa kushoto umekuwa wa kulia ujue umefumia upande wa nyuma, yalimkuta hata Rafaeli.

Kosa utakalofanya nalijua kabla hujalifanya. Utauvuta mshindio unyooke kama rula, na kila ukivuta kingo zinaingia ndani kidogo, hutaona, mpaka ukifika katikati kazi ina kiuno cha nyigu. Yangu ya kwanza ilianza na sentimita 60 ikamalizikia 47, bado ninayo, inafunika pasi. Dawa ni kuulaza uzi ukiwa umepinda kama upinde wa mvua ndani ya mtande kabla hujaushindilia, ule urefu wa ziada ndo unaozunguka nyuzi za mtande. Pima upana kila baada ya sentimita tano, usiamini macho.

Anza na kipande cha mazoezi, sentimita 20 kwa 20, rangi mbili, mshazari mmoja, mpasuko mmoja wa kushona. Jioni kwa jioni kitakuchukua wiki hivi. Mafundi wazoefu kwenye kazi isiyo laini sana wanahesabu kama mita moja ya mraba kwa mwezi, kwa hiyo usijilaumu. Ukikimaliza nitumie picha. Ya mbele unaweza kumtumia mama, mi nitumie ya nyuma.